Kisu cha Siku ya Nane: Maana ya Tohara kwa Wayahudi na Wakristo

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua tohara kama mtihani. Kijana wa Kibukusu au wa Kigisu husimama mbele ya ukoo mzima, na akitikisika, aibu yake hubaki nyumbani kwao kwa miaka mingi. Kwa Wayao na Wamakonde jando lilikuwa shule ya porini: aliingia mtoto, akatoka mwanamume. Aliyelelewa katika mila hizo akifungua Mwanzo 17 anakutana na jambo geni. Mungu anamwagiza Ibrahimu amtahiri kila mwanamume wa nyumba yake, na wote watakaozaliwa baadaye watahiriwe wakiwa na siku nane. Mtoto wa siku nane hana ujasiri wa kuonyesha. Hajaahidi kitu, hajashinda kitu, hata jina lake halijui. Atalia, na kilio chake hakitamwaibisha mtu yeyote.

Naanzia kwenye umri kwa sababu naamini maana ya kiroho ya tohara ya Ibrahimu inakaa hapo. Mungu anamchukua mtu kuwa wake kabla mtu huyo hajafanya lolote la kustahili. Wayahudi wameishi na imani hiyo mwilini mwao kizazi baada ya kizazi. Paulo naye, anayedhaniwa kuwa adui mkubwa wa tohara, hoja yake nzima ameijenga juu ya msingi huohuo. Mahubiri mengi yanayosikika makanisani mwetu, kwamba Wayahudi walikuwa na tohara ya mwili tupu na Wakristo ndio walioleta tohara ya moyo, hayasimami mbele ya Maandiko yenyewe.

Tohara haikuanzia kwa Waisraeli. Huko Saqqara, nchini Misri, kaburi la ofisa aitwaye Ankhmahor lina mchongo wa vijana wakitahiriwa, na umri wake umepita miaka 4,000. Nabii Yeremia, katika sura ya 9, anawataja Wamisri, Waedomu, Waamoni na Wamoabu pamoja na Yuda kuwa watu waliotahiriwa mwili tu. Waliokuwa wakisemwa kwa kutotahiriwa ni Wafilisti, na ndiyo maana Daudi alipomsikia Goliathi akitukana, tusi la kwanza lililomjia lilikuwa hilo. Kwa hiyo mkato wenyewe ulijulikana na majirani. Kilichokuwa kipya ni kuushusha kutoka kwa kijana hadi kwa mtoto mchanga, na kuutoa mikononi mwa ukoo ukawa alama ya agano. Tena agano hilo halikuwa la damu moja tu. Siku ileile alitahiriwa Ibrahimu mwenye miaka 99, Ishmaeli mwenye miaka 13, na watumwa walionunuliwa kwa fedha kutoka kwa wageni.

Mahali palipowekwa alama napo pana maana. Ahadi aliyopewa Ibrahimu ilikuwa uzao. Mke wake Sara alikuwa na miaka 90, hajazaa. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamejaribu kuitimiza ahadi kwa akili yao, Hajiri akamzaa Ishmaeli. Ndipo, wakati nguvu ya mwili imekwisha, Mungu anaweka alama kwenye kiungo kilekile ambacho kwa macho ya binadamu kilikuwa kimeshindwa kazi. Isaka anazaliwa baada ya alama, na anakuwa wa kwanza kutahiriwa siku ya nane. Kila baba wa Kiyahudi aliyemfuata amebeba ukumbusho huo: watoto ni wa ahadi kabla ya kuwa wa nguvu zake.

Yapo Maandiko mazito zaidi. Katika Kutoka 4, Musa anarudi Misri kwa agizo la Mungu, na usiku, mahali pa kulala wageni, Mungu huyohuyo anataka kumuua. Sipora, mke wake, ambaye ni binti wa kuhani wa Midiani, anachukua jiwe la gumegume, anamtahiri mwanawe, anaigusisha ile ngozi miguuni, na Musa anaachwa. Wafafanuzi wamebishana kuhusu mistari hiyo mitatu tangu zamani na bado wanabishana. Ninachokiona mimi ni kwamba anayekwenda kuwatoa Waisraeli utumwani hawezi kuliacha agano nyumbani kwake mwenyewe, na kwamba aliyeokoa hali ni mwanamke mgeni aliyejua la kufanya. Baadaye, katika Yoshua 5, kizazi kizima kilichozaliwa jangwani kinatahiriwa Gilgali, ng'ambo ya Yordani, kwa visu vya mawe, kabla ya Pasaka na kabla ya vita vya Yeriko. Kiongozi wa jeshi angeona huo ni wendawazimu, maana wanaume wote wamelala na vidonda karibu na mji wa adui. Hapo pia jambo ni lilelile. Nchi haikuwa tuzo ya wenye nguvu.

Sasa, moyo. Agizo la kutahiri moyo limo ndani ya Torati, kwenye Kumbukumbu la Torati 10, ambako Musa anawataka Waisraeli waache ugumu wa shingo. Sura ya 30 inakwenda mbali zaidi, maana kule Mungu mwenyewe ndiye atakayeutahiri moyo ili watu wampende. Yeremia analirudia agizo hilo kwa watu wa Yerusalemu. Lugha hiyo imeenea sehemu nyingine pia: Musa analalamika kwamba midomo yake haijatahiriwa, Yeremia anasema masikio ya watu hayajatahiriwa, na Mambo ya Walawi 19 inaagiza kwamba matunda ya mti mchanga yahesabiwe kuwa hayajatahiriwa kwa miaka mitatu, yasiliwe. Kisichotahiriwa, katika fikra hiyo, ni kile kilichozibwa au kisichotolewa bado kwa Mungu. Manabii hawakusema mwili uachwe kwa sababu moyo umepatikana. Walidai mwili usiwe mwongo.

Filo, Myahudi wa Aleksandria aliyeishi wakati mmoja na Yesu, alikutana na Wayahudi wenzake waliodhani kwamba wakishajua maana ya ndani wanaweza kuiacha desturi. Filo mwenyewe alipenda sana maana za ndani. Aliiona tohara kuwa ni kukata anasa na kukata kiburi cha kudhani kwamba mtu anazaa kwa uwezo wake. Hata hivyo aliwakemea. Kwake desturi ilikuwa mwili na maana ikawa roho, na asiyetunza mwili hawezi kutunza roho iliyomo ndani yake.

Gharama ya kuutunza mwili huo Wayahudi wameilipa. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane alipiga marufuku tohara. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia akina mama waliouawa kwa kuwatahiri wana wao, watoto wao wakiwa wametundikwa shingoni mwao. Wapo pia waliochoka. Kitabu hichohicho kinawataja wanaume waliojitengeneza upya wasionekane kuwa wametahiriwa, kwa kuwa michezo ya Kigiriki ilichezwa uchi. Chini ya Warumi, Kaisari Hadriano aliipiga tohara marufuku, na wanahistoria bado wanabishana iwapo katazo hilo ndilo lililochochea vita vya Bar Kokhba vya mwaka 132 hadi 135 au lilifuata kama adhabu. Mrithi wake, Antonino Pio, aliwaruhusu Wayahudi kutahiri wana wao wenyewe tu.

Tuiangalie sherehe yenyewe ya Kiyahudi kwa karibu. Hufanywa mchana, mara nyingi asubuhi, hata siku ya nane ikiangukia Sabato au Siku ya Upatanisho. Mtoto hupokewa mikono kwa mikono hadi ndani na kuwekwa kwanza kwenye kiti cha Eliya, nabii aliyelalamika mbele za Mungu kwamba Israeli wameliacha agano. Mapokeo yanasema tangu hapo yeye ni shahidi katika kila tohara. Kisha huhamishiwa mapajani mwa mtu aliyepewa heshima hiyo, mara nyingi babu yake. Agizo ni la baba; mohel, yaani ngariba wa Kiyahudi aliyesomea sheria na kazi ya mkono, hufanya kwa niaba yake. Baba husoma baraka ya kumwingiza mwanawe katika agano la Ibrahimu, na waliohudhuria huitikia wakimtakia kwamba kama alivyoingia humo, aingie pia katika Torati, katika ndoa na katika matendo mema. Mtoto huonjeshwa tone la divai, na hapo ndipo jina lake linatamkwa kwa mara ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa Ibrahimu aliyepewa jina jipya siku ya agano. Baadaye watu wanakula.

Marabi wameizungushia sherehe hii sheria za huruma. Mtoto mgonjwa hatahiriwi mpaka apone. Talmudi inaagiza kwamba mama aliyepoteza wana wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Mtoto huyo ni Myahudi kamili, kwa sababu Uyahudi unatoka kwa mama na alama haiuumbi. Tohara iliyoahirishwa haivunji Sabato. Ya siku ya nane ndiyo inayoivunja. Yesu aliijua sheria hiyo vizuri. Katika Yohana 7 anawauliza wapinzani wake kwa nini wanakasirika yeye akimponya mtu mzima siku ya Sabato, ilhali mtu hutahiriwa siku hiyo. Huo ni mjadala wa Myahudi na Wayahudi wenzake, ndani ya sheria yao.

Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane akapewa jina, kama Luka 2:21 inavyosema. Mitume wote walitahiriwa. Swali lililolitikisa Kanisa changa lilikuwa kuhusu watu wa mataifa waliomwamini Masihi wa Israeli bila kuwa Waisraeli: watahiriwe au wasitahiriwe?

Waliosema watahiriwe hawakuwa wajinga wala wabaya. Mwanzo 17 inaliita agano hilo la milele, na inasema asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Kutoka 12 inaruhusu mgeni ale Pasaka akishatahiriwa. Mimi kama ningekuwa Galatia miaka ile, na wahubiri wale wangenifungulia kurasa hizo, sidhani kama ningekuwa na jibu. Paulo alikuwa nalo, na alilitoa ndani ya kitabu hichohicho. Katika Mwanzo 15 Ibrahimu anamwamini Mungu na kuhesabiwa haki. Hapo Ishmaeli hajazaliwa. Anazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na tohara inakuja akiwa na miaka 99. Kwa hiyo si chini ya miaka 13 Ibrahimu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu akiwa na govi lake. Katika Warumi 4 Paulo anaiita tohara muhuri wa haki iliyokwisha kupatikana, na kutokana na hapo Ibrahimu ni baba wa pande zote mbili: wasiotahiriwa wanaoamini, na waliotahiriwa wanaofuata nyayo za imani yake.

Angalia kwamba Paulo hakuidharau alama. Alipigania mpangilio: neema kwanza, muhuri baadaye. Ukimtaka Mgalatia mtu mzima atahiriwe ndipo akubaliwe, umeigeuza zawadi ya siku ya nane kuwa mtihani wa jando. Hapo ndipo hasira ya Paulo inapowaka, hata akatamani hao wasumbufu wajikate wenyewe kabisa. Na jambo lenyewe lilihusu hata sahani ya chakula. Huko Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, kisha walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga na meza, Barnaba naye akamfuata. Paulo alimkabili mbele ya wote. Mtu unayekataa kula naye umeshamwambia kwamba Kristo hamtoshi.

Ndiyo maana Paulo huyohuyo alikataa Tito, Mgiriki, atahiriwe, lakini akamtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi. Wengi wanaona hapo kigeugeu. Mimi naona msimamo ulionyooka: Mgiriki asilazimishwe kuwa Myahudi, na Myahudi asilazimishwe kuacha kuwa Myahudi. Kwa Wakorintho aliandika kwamba aliyeitwa akiwa ametahiriwa asiifute alama yake. Na katika Matendo 21 uvumi ulipoenea Yerusalemu kwamba anawafundisha Wayahudi wasitahiri watoto wao, Paulo aliingia hekaluni na kugharamia nadhiri za watu wanne ili kuonyesha kwamba uvumi ule ni uongo. Mkutano wa Yerusalemu, takriban mwaka 49, ulikuwa umekwisha kuamua kwamba mataifa wasitwikwe mzigo huo. Haukuamua lolote dhidi ya Wayahudi kuubeba.

Kutoka hapo, kwa Wakristo, ubatizo ulichukua nafasi ya tohara. Wakolosai 2 inasema juu ya tohara isiyofanyika kwa mikono, na mara moja inaendelea na kuzikwa pamoja na Kristo katika ubatizo. Mabadiliko makubwa yalikuwa kwa wanawake, maana alama mpya iliwekwa juu ya binti kama ilivyowekwa juu ya mwana. Siku ya nane nayo ilihamia kwenye Jumapili, siku inayofuata Sabato, siku ya ufufuo. Kwa sababu hiyo nyumba za kale za ubatizo, kama ile ya Laterano huko Roma, zilijengwa na kuta nane. Takriban mwaka 253 askofu aitwaye Fido alishauri watoto wasibatizwe kabla ya siku ya nane, kwa kufuata tohara. Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake 66 walimjibu kwamba neema haicheleweshwi hata kwa siku hizo. Karne ya 16, Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa, alitetea ubatizo wa watoto kwa hoja ya tohara: kama mtoto wa Ibrahimu aliingia katika agano bila kuulizwa, wa Mkristo anyimwe kwa nini? Wabaptisti na waliowatangulia walijibu kwamba agano jipya huingiwa kwa imani ya mtu mwenyewe. Ubishi huo ungali hai katika kila mji wetu wenye makanisa mawili, na ni ubishi uleule wa siku ya nane. Hata nchini Ujerumani, mwaka 2012, mahakama ya Cologne ilipotamka kwamba kutahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumdhuru, swali lilikuwa hilohilo la ridhaa. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuruhusu kabla mwaka haujaisha.

Kuna sura ya aibu, na ni ya Wakristo. Yustino Mfiadini, karne ya 2, baada ya vita vya Bar Kokhba, aliandika kwamba Wayahudi walipewa tohara ili watambulike na kupata mateso waliyostahili. Alama ya kuchaguliwa ikageuzwa kuwa alama ya kulaaniwa. Mwaka 1442 Mtaguso wa Firenze uliwakataza Wakristo wote kutahiriwa. Na katika nchi zilizotekwa na Wanazi, wanaume na watoto wa kiume waliamriwa kuvua suruali, na waliotahiriwa wakapelekwa kuuawa, katika bara lililojaa watu waliobatizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulirudi kwa Paulo wa Warumi 11 na kusema kwamba Mungu hajutii zawadi zake kwa Wayahudi. Mwaka 1980, huko Mainz, Papa Yohane Paulo II alisema kwamba agano lao halijafutwa kamwe. Makanisa mengi ya Afrika bado hayajayafikisha maneno hayo mimbarini.

Afrika hata hivyo ina mashahidi wake. Wakristo wa Kanisa la Tewahedo la Ethiopia hutahiri siku ya nane hadi leo. Wajesuti walipowashutumu kwa Uyahudi, mfalme Gelawdewos alijibu mwaka 1555 kwamba kwao hiyo ni mila ya nchi, na wokovu hauitegemei. Uganda ilikwenda upande wa pili. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyebatizwa na Waanglikana na kuujenga mji wa Mbale, alisoma Agano la Kale kwa makini hadi akashawishika kwamba agizo la Ibrahimu bado linamhusu. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Simulizi ya Abayudaya, yaani jumuiya iliyomfuata Kakungulu, inasema wenzake walimwambia tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi kuanzia siku hiyo wao ni Wayahudi. Jumuiya hiyo iliishi miaka ya marufuku chini ya Idi Amin, na mwaka 2002 mamia yao walipokelewa rasmi na jopo la marabi. Sheria kwa mwongofu aliyekwisha kutahiriwa ni kuchomwa kidogo hadi litoke tone moja la damu. Ngozi haipo tena, lakini nia ya agano inadaiwa upya. Kanuni hiyo inatosha kuwajibu wanaodai kwamba Wayahudi wanajali nyama tu.

Kwa Wakristo wengine wa kwetu tohara ilibaki kuwa mila, na Kanisa likatafuta namna ya kuishi nayo. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana aliliingiza jando ndani ya Kanisa, pamoja na sala na mafundisho ya imani, badala ya kulifukuza. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani limehimiza tohara ya wanaume kwa sababu majaribio, yakiwemo ya Kisumu na Rakai, yalionyesha kwamba inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke virusi vya UKIMWI. Hiyo ni sababu njema ya kwenda kliniki, lakini Mwanzo 17 haina neno hata moja la afya, na mhubiri asiyachanganye. Wala hakuna mstari wowote, katika Agano la Kale au Jipya, unaoagiza kumkata msichana. Anayekeketa binti kwa jina la Biblia anasingizia Biblia.

Tarehe 1 Januari ni siku ya nane tangu Krismasi. Waanglikana na Walutheri huiadhimisha kwa jina na kutahiriwa kwa Yesu; Wakatoliki, ambao tangu 1969 wanaiita sherehe ya Maria Mama wa Mungu, nao husoma Luka hadi mstari wa 21. Mara nyingi mhubiri anaurukia mwaka mpya, na mstari ule unapita bila neno. Wachungaji na mapadre wetu, mwaka unaokuja msiuruke. Waambieni waumini kwamba Mwokozi wao aliingia katika agano la Ibrahimu kama kila mtoto wa Kiyahudi, akiwa na siku nane, akilia, mikononi mwa watu wake.